Kicheko cha Mama Karakana

Shemeji yangu huchekesha watu kwa kazi. Akishika kipaza sauti ukumbini, hata waliokuja wamenuna kwa kukosa viti vya mbele hujikuta wanapangusa machozi. Hilo namkubalia, ingawa yapo mengi ambayo ningependa kumnyima. Mtu mmoja tu alikuwa hacheki vichekesho vyake, mwaka ukiingia na mwaka ukitoka, na mtu huyo alikuwa analala naye kitanda kimoja. Huyo ni dada yangu.

Dada ni fundi cherehani. Mimi nauza vitambaa mbele ya duka, yeye anashona nyuma ya pazia, na mteja akikata shauri upande wangu namsukuma upande wake kabla hajaghairi. Ukiingia kule nyuma utamkuta ameinamia meza, tepu ya kupimia shingoni, pini zimejipanga midomoni. Anakupima kifua na kiuno bila neno, anakugeuza kwa kidole begani, akitaka kukubali anatingisha kichwa. Wateja wanamsifu. Wanasema, "Fundi huyu hana maneno mengi, yeye na kazi tu." Mimi huwaacha waamini hivyo. Kimto cha kuchomekea pini, cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono, binti yake alimnunulia zamani, kikakaa kwenye droo na plastiki yake. Dada hakuweka pini midomoni kwa sababu ya ufundi. Siku alipoanza nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yake.

Lakini nianze na pipi, maana ubaya wa mtu huyu ulianza na utamu.

Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye kiwanda cha pipi, upande wa kufungasha. Zilizovunjika waliruhusiwa kuchukua, basi kila jioni alikuja kwetu mifuko imetuna. Pipi za ndimu, pipi za maziwa, zile ngumu za mistari. Alimpa dada viganja viwili na mimi kimoja ili niondoke. Mimi niliziuza shuleni, ndiyo maana leo meno yangu yote ni ya kuzaliwa. Dada alizila. Alizila kwa mapenzi, akizungusha moja shavuni mpaka iishe ndipo achukue nyingine, huku yule bwana anamsimulia vituko vya kiwandani na yeye anacheka.

Na kicheko chake! Alikuwa akitupa kichwa nyuma, mdomo wazi wote, sauti inapanda ukuta. Jirani upande wa pili alikuwa anaanza kucheka naye bila kujua kilichosemwa. Mama yetu alikuwa anamkaripia, "Mtoto wa kike hufunga mdomo," halafu mwenyewe anageukia ukutani asionekane anacheka.

Baada ya kuolewa na kumpata binti, magego yakaanza kuoza. Lilianza moja, likafuata la jirani yake, mwisho juu na chini, kulia na kushoto. Akaenda hospitali ya umma, wakamchonga na kumziba kwa vyuma, vile vya rangi ya sufuria. Wakati ule hakukuwa na cha kuchagua. Dada alirudi amefurahi kwa kuwa sasa aliweza kutafuna na kulala. Akaendelea kucheka na vyuma vyake. Hakuna aliyeviona kuwa kitu.

Kisha shemeji akaacha kiwanda, akaingia kwenye ushereheshaji. Harusi ya kwanza aliyoisherehesha ilikuwa ya rafiki wa kiwandani. Nakumbuka alivyokuwa anatoka jasho. Vichekesho alivyovizoea kule kwenye mashine vilikuwa vinaanguka sakafuni kimoja kimoja. Watu wanakula, vijiko vinagonga sahani, hakuna anayemtazama. Ni dada peke yake aliyekuwa anacheka, meza ya mbele, kichwa nyuma, mdomo wazi. Alikuwa anamsaidia mume wake. Alicheka ili wengine wacheke.

Shemeji akamwona. Akamwelekezea kidole.

"Jamani, hebu mtazameni mke wangu anavyocheka! Huo si mdomo, hiyo ni karakana! Akipiga mwayo, mafundi magari wanamletea spana!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga meza, wa nyuma wakasimama kutazama, mwanamume mmoja akapaliwa na soda. Shemeji akasimama pale juu anang'aa, kapata alichokuwa anatafuta. Na mimi nikaona midomo ya dada yangu inafunga. Haikufunga kwa ghafla, ilifunga taratibu, kama mtu anavyofunga mlango kukiwa na mtoto aliyelala. Alikuwa amevaa ua kifuani, limebanwa na pini. Akaichomoa ile pini, akaiweka katikati ya midomo kana kwamba yuko kazini, na ua likamwangukia mapajani. Alikaa hivyo mpaka mwisho wa sherehe. Damu ilinichemka na bado inachemka.

Kile kichekesho kikawa mtaji wake. Kila harusi, kila mahafali, lazima karakana ipigwe, na kila mara anaongeza kitu: mara nondo, mara mlango wa geti, mara mke wangu akipita kwenye sumaku nahangaika kumvuta. Watu wakawa wanakisubiri. Mtaani dada yangu akapoteza jina. Makondakta walimwita Mama Karakana. Fundi wa pikipiki mkabala na duka letu alimpigia kelele, "Mama Karakana, niazime spana namba kumi na tatu!" Binti yake shuleni aliitwa mtoto wa karakana, akarudi nyumbani analia, na baba yake akasema, "Wanakuita hivyo kwa sababu wanatufahamu. Umaarufu huo."

Mimi sikumwacha dada alale. Nilimwambia mwagie chai ya moto. Mkatie suruali zake zote za kazini. Mwache. Yeye alikuwa ananisikiliza huku anatia uzi kwenye sindano, halafu siku moja akatoa pini mdomoni, moja moja, akaziweka mezani.

"Mdogo wangu," akaniambia, "siku moja nitamcheka. Mbele ya watu wake, maiki mkononi. Nitamcheka mpaka imshinde kushika."

"Na vyuma?"

"Ndiyo hapo," akasema, akazirudisha pini.

Nilidhani ni maneno ya kujipoza. Nilikuwa simjui dada yangu, kumbe.

Mwaka ule binti alipochumbiwa, chuma kimoja cha dada kikapasuka akitafuna. Nikampeleka kliniki ya meno, chumba kidogo ghorofani chenye dirisha kubwa na kiti kinachopanda na kushuka. Daktari alikuwa mama mfupi wa makamo, mkavu, miwani juu ya paji la uso. Akamlaza dada, akamulika, akagonga hapa na pale kwa kijichuma chake.

"Hiki kimepasuka na chini yake pameanza kuoza tena," akasema. "Nitakitoa, nisafishe, nikuzibie kwa dawa ya rangi ya jino. Hutakumbuka kama paliwahi kuzibwa."

Dada akainuka kitini na kitambaa chake cha plastiki cha kukinga mate shingoni.

"Toa vyote."

"Vyote vya nini? Sijaona kama vyote ni vibovu."

"Vyote, daktari. Leo."

"Mama, mimi sichongi jino kwa hasira. Kila ninapotoa cha zamani, jino lenyewe linapungua kidogo. Tupige picha kwanza."

Picha zikapigwa. Daktari akazitazama kwenye skrini akiwa ametupa mgongo, na dada akawa ananitazama mimi kama mtu anayesubiri hukumu. Ikaonekana vyuma vingi vimezeeka kweli, kingo zimeachia, uozo umeanza kunyemelea chini yake. Hivyo atavitoa, kidogo kidogo, upande mmoja kwa siku yake. Isipokuwa kimoja. Gego la mwisho la chini, kushoto.

"Hiki ni kizima," daktari akasema. "Na kimeingia ndani sana, karibu na mshipa wa fahamu. Nikikichokoza nitakuletea maumivu ambayo huna. Sikigusi."

"Nakuomba."

"Hata ukiniomba kwa magoti. Chuma hicho kimetulia kuliko nilivyotulia mimi kwenye ndoa yangu."

Dada akataka kucheka. Nilikiona kicheko kinapanda, mabega yakatikisika, na papo hapo kiganja kikaruka kikaziba mdomo. Daktari akakiona kile kiganja.

"Nani kakufundisha kuziba?"

Basi mimi, ambaye mdomo wangu hauna breki, nikamwaga yote: pipi, harusi ya kwanza, nondo, sumaku, fundi pikipiki. Nilipomaliza daktari alikuwa ameshusha miwani machoni. Hakutoa pole. Alimshika dada mkono akampeleka dirishani, akamsogezea mdomoni sampuli za meno ya rangi mbalimbali zilizopangwa kwenye kijiti.

"Rangi tunaichagua sasa hivi, kabla sijaanza," akasema. "Jino likikaa wazi linakauka, linakuwa jeupe kuliko lilivyo, linakudanganya. Nataka hata yeye akikaribia kiasi gani asione palipozibwa."

Hapo nikajua tumepata wa kwetu.

Nilikaa pembeni siku zote za kazi ile. Sindano ya ganzi, kisha kipande cha mpira kinanyooshwa juu ya mdomo, jino linachungulia peke yake katika tundu lake. Mashine inalia, maji yanaruka, kijibomba kinanyonya vipande vya kijivu. Halafu dawa inapakwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka linamulikwa kwa taa ya bluu mpaka ligande. Mwisho daktari anamwekea karatasi ya rangi katikati ya meno, "Uma, saga, uma tena," anapunguza palipozidi. Watu wengine hukibana kile kiti mpaka vidole vinakufa. Dada alilala pale mikono tumboni, ametulia kama yuko kwa msusi.

Vile vipande vya chuma mimi nilivitaka. Nilikuwa na mipango navyo, mipango inayohusu supu ya mtu fulani. Daktari akanikatalia, akasema vina zebaki ndani, vinafungiwa kwenye chupa yake na kupelekwa vinakotakiwa. Akanitazama muda mrefu baada ya kusema hivyo.

Kazi ilikuwa kuficha. Siku ya kwanza tulirudi nyumbani kwake mdomo wa dada umelegea upande kwa ganzi, mate yanataka kutoka. Shemeji alikuwa mbele ya kioo cha sebuleni anajifunza kunyanyua nyusi.

"Leo karakana imepata pancha?" akakiuliza kioo.

"Pini imenichoma," dada akasema kwa nusu ya mdomo.

"Pole," akasema, akaendelea na nyusi.

Nilisubiri ageuke. Hakugeuka. Siku zote zile alikula naye meza moja, vyuma vinatoweka kimoja baada ya kingine umbali wa mkono kutoka pua yake, na hakuona. Ameutangaza mdomo wa mke wake katika kumbi zote za mji, na hakuwahi kuutazama. Hilo lilinichoma kuliko karakana yenyewe, na lilimchoma dada pia. Alikuwa ameanza kulegea, nadhani. Angemwambia, "Hebu ona nilivyozibwa," na labda yangeishia hapo. Baada ya majuma yale hakulegea tena.

Tatizo jingine lilikuja tusilolitarajia. Meno yalipokwisha, daktari akampa kioo, akamwambia, "Sasa cheka, nione." Dada akafungua mdomo. Meupe, mazuri, yanafanana na yale ya mbele, na kule mwisho kushoto kile kidoa cha kijivu kimejibanza. Lakini kicheko hakikuja. Alitoa kitu kama kikohozi. Akajaribu tena, kikatoka kama cherehani iliyokosa mafuta. Akanigeukia, macho yamejaa.

"Amekimaliza," akasema. "Mwenzangu, amekimaliza chote."

Sijawahi kumchukia mtu nilivyomchukia shemeji dakika ile.

Basi tukawa tunajifunza. Tukishafunga duka, tunakaa juu ya marobota ya vitambaa, mimi namwigizia wateja: yule mama anayekataa kupimwa kiuno, yule bwana aliyeomba suruali ya kumfanya mrefu. Mwanzoni alitabasamu na kiganja mdomoni. Nikawa nakipiga kile kiganja. Kisha jioni moja nikiwa namwigiza shemeji mwenyewe mbele ya kioo, nyusi juu, nyusi chini, kicheko kikamtoka. Kichwa nyuma, sauti juu. Fundi pikipiki akasimama mlangoni kwake kutazama kuna nini. Tulicheka mpaka tukalia, halafu tukalia kweli.

"Sasa kiweke," nikamwambia. "Usikitumie ovyo."

Harusi ilikuwa inakaribia. Shemeji alijitangaza mwenyewe kuwa ndiye baba na ndiye emsii, asije mtu mwingine akamharibia. Binti alikuja dukani kujaribu gauni, na baba yake akapita kuchukua koti. Binti akamwomba mbele yetu.

"Baba, siku hiyo ya karakana iache. Wakwe hawamjui mama. Nakuomba."

"Mwanangu, karakana ndiyo iliyokusomesha," shemeji akasema. "Na wakwe ndio hasa waijue, waizoee mapema. Nimeshaitengenezea toleo jipya. Mama yako mwenyewe hana neno. Si ndiyo?"

Dada alikuwa amepiga magoti, anapima pindo la gauni, pini midomoni. Akatingisha kichwa kukubali. Shemeji akaondoka anapiga mluzi. Binti akafuta machozi. Nilipobaki na dada nikamuuliza, "Akiipiga utafanya nini?"

Akatoa pini. "Hataipiga. Nitatangulia mimi."

Siku ikafika. Sitaeleza mapambo wala chakula, vilikuwa kama vya harusi zote. Dada alikaa meza ya mbele, gauni la zambarau alilojishonea, midomo imefungwa, hana pini. Mama wa bwana harusi alikaa mkabala naye, mama mnene mwenye heshima zake, aliyetoka mbali na asiyejua vituko vya mji wetu. Shemeji alianza kwa vichekesho vidogo, watu wakacheka, ukumbi ukapashika moto. Nilimwona anamtupia dada jicho kila mara, anaiwekea karakana mazingira. Lakini kwanza lazima atoe nasaha za baba. Akaomba muziki uzimwe. Akavua kofia. Akaushusha uso, na hata sauti ikaingia ukungu.

"Mwanangu," akasema, "leo unaingia kwenye ndoa. Sina cha kukupa zaidi ya mfano wangu. Mama yako yupo hapa, ni shahidi. Tangu nimuoe mpaka leo, sijawahi kumvunjia heshima. Si nyumbani, si mbele ya watu. Hata siku moja."

Dada akacheka.

Hakikuwa kicheko cha kujilazimisha. Nilikuwa pembeni yake, nilihisi kiti kinatikisika. Kilianzia tumboni, kikapanda, kichwa kikaenda nyuma, mdomo wazi wote, na sauti ikajaza ukumbi uliokuwa kimya kabisa. Kwanza watu waligeuka kwa mshtuko. Kisha mpiga muziki, aliyekuwa ameisikia karakana harusi baada ya harusi, akaguna, akainamisha kichwa juu ya mitambo yake, mabega yanacheza. Wahudumu waliobeba trei wakaanza. Kisha meza ya mafundi, fundi pikipiki akiwa mbele: "Hata siku moja!" akarudia, akapiga paja. Wakashika wote wa mtaa wetu, meza kwa meza, wanaume kwa wanawake, mpaka watu wakawa wanashikana wasidondoke.

Shemeji alitabasamu mwanzoni, kwa mazoea. Yule mtu anajua kicheko, ni kazi yake. Anajua kilichotoka kwake na kilichotoka kwingine. Nilimwona anasikiliza, tabasamu likawa linachujuka. Akaikimbilia silaha yake.

"Haya, mmeona? Karakana imefunguliwa! Hebu angalieni vyuma hivyo—"

Watu wakaangalia. Dada hakufunga mdomo. Taa za ukumbi zilikuwa zinammulika usoni.

"Vyuma gani?" akauliza mama wa bwana harusi, kwa sauti ya mtu aliyekerwa. "Mbona meno ya mama mazuri tu? Baba, unamsema mkeo hivyo siku ya mtoto?"

Pale ndipo kicheko cha ukumbi kilipobadilika. Hawakumcheka dada tena, wala hawakucheka pamoja na shemeji. Shemeji akashuka jukwaani, kipaza sauti mkononi, akaja mpaka mezani kwetu. Akainama. Ndiyo mara ya kwanza katika miaka mingi nilimwona anamtazama mke wake mdomoni. Akatazama juu, akatazama chini. Nilimwona anatafuta alichokitangaza maisha yake yote na hakipo.

Kisha akakiona. Gego la mwisho, chini, kushoto.

Dada alijua kuwa amekiona. Akaacha kucheka, lakini akaacha mdomo wazi, akainua na kidevu kidogo ili mwanga uingie vizuri. Alikuwa anampa. Sema basi, kiko hapa, ni chako, kisemee kwenye maiki. Jasho likamtoka shemeji juu ya mdomo, lile lile la harusi ya kwanza. Akisema, amemvunjia heshima mbele ya wakwe baada ya kuapa. Asiposema, hana kichekesho. Midomo yake ikacheza, na kipaza sauti kikadaka pumzi zake tu, ukumbi mzima ukazisikia.

Dada akakivuta kipaza sauti kwa vidole viwili.

"Endelea, mume wangu," akasema. "Leo umenichekesha kweli."

Sitaweza kuelezea kelele zilizofuata. Shemeji alimrudishia mpiga muziki kipaza sauti, akaketi kwenye kiti cha mhudumu karibu na mlango wa jikoni, na sherehe ikaendeshwa na muziki mpaka mwisho. Mimi nilikula sahani mbili.

Haikuwa bure. Binti alikuja kesho yake, macho mekundu. "Mama, ilikuwa lazima iwe harusi yangu?" Dada akamkumbatia, akasema, "Wewe nakuomba msamaha. Yeye simwombi." Binti alikaa kidogo, akaondoka bila kunywa chai. Amesharudi kuongea vizuri, lakini ilichukua muda, na dada alikonda.

Shemeji bado anasherehesha, vijiharusi vidogo. Akijaribu karakana, mtu lazima apige kelele kutoka nyuma: "Hata siku moja!" Basi ameiacha. Nyumbani amekuwa mpole hata nashindwa kumzoea. Anamsimulia dada vituko mezani, vipya, vile vyake bora, anavimaliza na kumtazama. Dada anamwomba amsogezee chumvi. Nimuonee huruma? Ninayo huruma, lakini nimewawekea wengine.

Kule dukani sasa kimto kimetoka kwenye plastiki yake, kiko kwenye kifundo cha mkono wa dada, kimejaa pini. Mdomo wake uko huru. Anaongea na wateja mpaka nawahurumia, anawatania, wanamtania, na akicheka fundi pikipiki anajibu kutoka upande wa pili wa barabara. Wiki iliyopita alikuwa anacheka hivyo na mteja nyuma ya pazia, sauti imepanda mpaka dari. Shemeji akaingia kumchukua. Alisimama kwangu mbele kwa muda, kofia mkononi, anasikiliza. Nilimwona uso unamlegea. Ni kile kicheko cha enzi za pipi.

Akafungua pazia. "Mnacheka nini?" akauliza, na kwa kweli alitaka kujua.

Dada akanyamaza. Akachomoa pini moja kwenye kimto, akaiweka midomoni, akainamia cherehani.